Ukiunda modeli ya mawasiliano ya redio kwa mikia ya vimondo, anza na muda wa kusubiri

Anayeanza kuunda modeli ya mawasiliano ya redio yanayotegemea mikia ya vimondo huvutiwa kwanza na nguvu ya mtambo wa kurushia. Baada ya kuandika programu kadhaa za aina hii, ushauri ninaoutanguliza ni kuuliza ujumbe utasubiri kwa muda gani hadi upatikane mkia unaofaa.

Vimondo huungua kwenye kimo cha kati ya kilomita 80 na 120, vikiacha uzi mwembamba wa elektroni unaoweza kuakisi mawimbi ya megahezi 30 hadi 100 na kuunganisha vituo vilivyoachana hata kilomita 2,000. Hata hivyo, mikia mingi haifai, kwa kuwa wimbi huondoka kwenye mkia kwa pembe ileile liliyoingilia, na ni michache tu iliyolala kwa namna ya kuelekeza wimbi hilo kwenye kituo cha pili. Maeneo yenye mikia mingi inayofaa huwa pembeni mwa mstari unaounganisha vituo, kushoto na kulia, kwa hiyo modeli inayoielekeza antena yenye mwale mwembamba katikati kabisa hupoteza sehemu kubwa ya mikia hiyo.

Chagua masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, kwa uangalifu. Kwa mikia hafifu, yaani yenye elektroni chini ya trilioni 100 kwa kila mita, muda wa mwakisiko kufifia huongezeka sawia na mraba wa urefu wa wimbi. Kwa megahezi 40 na umbali wa kilomita 1,000, hesabu zangu hutoa takriban nusu sekunde. Ukipandisha masafa maradufu, urefu wa wimbi hubaki nusu, na muda huo hubaki robo yake.

SNOTEL, mtandao wa kupima theluji magharibi mwa Marekani, ulitumia njia hii kwa miaka mingi, na iliufaa kwa sababu taarifa zake ni fupi na zinaweza kusubiri.

Vimondo vya kawaida, visivyo vya manyunyu ya msimu, huja kwa mgawanyo wa Poisson, yaani kwa nasibu, kila kimoja bila kutegemea kingine, lakini idadi yake kwa saa haifanani mchana na usiku: huwa juu kabisa karibu na saa 12 asubuhi, wakati upande wetu wa Dunia unatazama mbele katika mzunguko wake, na chini kabisa karibu na saa 12 jioni. Piga hesabu ya kila saa peke yake. Kisha, badala ya kutoa wastani wa kusubiri, toa muda ambao asilimia 90 ya jumbe zitakuwa zimefika, ambao ni takriban mara 2.3 ya wastani huo, na uamue ukubwa wa mitambo kwa kutumia namba ya jioni.