Makumbusho Siku ya Mvua: Chagua Saa Kwanza

Mvua ikiamka na mji, watu wote hupata wazo moja: twende makumbusho. Kufika saa 5 asubuhi, foleni iko nje na miavuli inagongana. Kwa hiyo chagua saa kabla ya kuchagua mahali. Fika dakika 15 kabla ya kufunguliwa, au nenda saa 2 za mwisho. Ukienda jioni, uliza mwisho wa kuingia ni saa ngapi, maana sehemu nyingi huacha kupokea watu nusu saa au saa nzima kabla ya kufunga. Siku ya mapumziko nayo hutofautiana hata ndani ya mji mmoja: mjini Paris, Louvre hufungwa Jumanne, Musée d'Orsay Jumatatu.

Mwavuli uliolowa utauacha mlangoni, na usinung'unike. Unyevu wa kumbi hudhibitiwa, mara nyingi karibu na asilimia 50, kwa sababu mbao na turubai, yaani kitambaa kinachochorwa picha, huvimba na kusinyaa hewa inapobadilika, kisha rangi ya picha hupasuka. Miavuli myeusi hufanana, basi funga utepe wa rangi kwenye mpini. Beba soksi kavu kwenye mfuko wa plastiki. Soksi zilizolowa hukatisha ziara mapema kuliko njaa. Ukitoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto, lenzi ya kamera hushika ukungu. Usiifute, kwani ukungu utarudi na vumbi litakwaruza kioo. Iache ndani ya mkoba uliofungwa kwa dakika 20 hivi, ipate joto taratibu.

Ukishaingia, usianze na chumba kilicho karibu na mlango. Umati wote huanzia hapo. Panda ghorofa ya juu kabisa au nenda pembe ya mwisho, kisha rudi ukishuka, nawe utakuwa unapishana na watu badala ya kusukumana nao.

Uchovu wa makumbusho ni jambo la kweli. Benjamin Ives Gilman, wa Makumbusho ya Sanaa ya Boston, Marekani, aliandika kuuhusu mwaka 1916, akaonyesha kwa picha jinsi mtu anavyojipinda na kuinama ili aone vitu vilivyowekwa vibaya kabatini. Miguu na mgongo huchoka kabla ya macho. Saa moja na nusu inatosha. Baada ya hapo unasoma vibao tu bila kuona kitu. Chagua vitu 3, kaa mbele ya kila kimoja dakika 10, ukichore. Tumia penseli, ile laini iliyoandikwa 2B ni nzuri, kwa kuwa kumbi nyingi hukataza kalamu za wino. Mchoro ukiwa mbaya haidhuru, mkono umelazimisha jicho kutazama.

Kama makumbusho yamejaa kupita kiasi, maktaba kuu ya mji huwa na viti, na maonyesho ya kwanza ya sinema mchana huwa na nafasi. Ukipenda kuta za ndani za mchezo wa kukwea, weka nafasi mapema, kwa sababu wanaokwea miamba nje nao wamekimbilia huko.

Wakati wa kuondoka, chukua mwavuli na koti dakika 20 kabla ya kufunga. Kengele ikilia, foleni ya mizigo huwa ndefu kuliko ile ya asubuhi.