Maswali Yenu: Binti Asiyeeleweka Kwenye Filamu

Mbona wasichana wa filamu za mabinti wasioeleweka hawasemi kinachowasumbua? Wanakodolea macho dirisha tu.

Ukimya wenyewe hauna ubaya. Ubaya unaanza pale mwongozaji naye hajui binti ananyamazia nini, akaziba pengo kwa jua la jioni na gitaa la polepole. Filamu ikifika nusu, jiulize: huyu anataka nini leo? Mia wa Fish Tank (2009), filamu ya Andrea Arnold, ana miaka 15 na ulimi mkali kwa kila mtu. Lakini tunamwona akijizoeza dansi peke yake kwenye fleti tupu, na akihangaika kumfungua farasi aliyefungwa mnyororo. Hajaeleza lolote, nasi tumeshamjua. Fremu yenyewe, yaani umbo la picha, ni 1.33 kwa 1 (upana kwa kimo), karibu mraba, hivyo kando yake hakubaki nafasi ya kupumulia.

The Virgin Suicides na Mustang zote zina dada watano waliofungiwa nyumbani. Kwa nini moja iliniacha mnyonge na nyingine ikanipa nguvu?

Angalia anayesimulia. Katika ya kwanza (1999), ya Sofia Coppola, ni wavulana wa mtaa, sasa watu wazima, wanaokumbuka. Wamesoma shajara ya Cecilia, wamepiga simu na kuwachezea santuri wale dada, na bado hawawajui. Kinachochunguzwa na filamu ni kutoelewa huko kwa wavulana. Waigaji wengi wamechukua nywele na mwanga wa dhahabu, wakaiacha lawama hiyo kwa wavulana, na hapo ndipo binti hugeuka pambo.

Mustang (2015), ya Deniz Gamze Ergüven, inatokea Uturuki, na msimulizi ni Lale, kitinda mimba. Yeye yuko ndani ya nyumba. Anaona nondo zikiwekwa madirishani, naye anatafuta mtu wa kumfundisha kuendesha gari. Huzuni ni ileile, ila hii ina mpango.

Lazima mama awe adui?

Hapana. Katika Lady Bird (2017) ya Greta Gerwig, mama na binti wanagombana kwenye duka la mitumba kwa sababu ya binti kuburuta miguu. Sauti zinapanda. Ghafla mama anachomoa gauni, na papo hapo wote wawili wanalifurahia kwa sauti moja. Sekunde chache tu, na umeshaona kwamba wanapendana na wanachoshana kwa pumzi hiyohiyo.

Naandika filamu fupi ya dakika 10. Walioisoma wanasema binti wangu ananuna tu.

Futa kila mstari unaosema "anatazama kwa huzuni". Mwigizaji hawezi kuushika. Mahali pake weka kazi ya mikono: anashona kifungo, anafuta ujumbe aliouandika mara tatu. Kisha chagua jambo moja la kutoelewana. Ukiweka la mama, la shule na la rafiki, kila moja litapata kama dakika 3 na hakuna litakaloiva. Asiyemwelewa awe na sababu ya kweli, na binti naye amkosee mtu angalau mara moja, la sivyo utakuwa umeandika malaika. Kamera ikae usawa wa macho yake. Na hariri toleo la kwanza bila muziki wowote: tukio likilegea hapo, rudi kwenye mswada, usikimbilie kinanda.

Binti yangu ana miaka 13. Tuanze na ipi?

Lady Bird inaweza kusubiri kidogo. Eighth Grade (2018) ya Bo Burnham inamhusu Kayla, naye ana miaka 13, ingawa Marekani iliwekwa daraja la R: chini ya miaka 17 huingia na mtu mzima. Itazame wewe kwanza, hasa tukio la ndani ya gari ambapo mvulana mkubwa anamshinikiza Kayla, na umwambie mapema kwamba lipo. The Virgin Suicides iacheni kwanza, kwa sababu inahusu kujiua. Filamu ikiisha usimhoji. Osheni vyombo pamoja, aanze mwenyewe.