Mkono wa sentimita 16 na nusu, saa ya unene wa milimita 17.7

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 36, nafanya kazi katika ofisi ya uwakala wa meli hapa Mombasa. Binamu yangu aliyeko Dubai amepata Rolex Deepsea iliyotumika, ile ya milimita 44, na anasubiri jibu langu. Saa hiyo naipenda tangu nilipoanza kuzamia kwa mitungi. Huenda Watamu, na nikipata likizo navuka hadi Pemba. Mkono wangu nikiuzungushia futi unatoka sentimita 16 na nusu. Niliwahi kuivaa ya rafiki kwa dakika chache, mke wangu akacheka. Wenzangu wanasema nitaizoea. Je, saa ya namna hii itanifaa, na nitajuaje kabla sijatuma pesa?

JIBU: Marahaba. Nadhani mke wako hakucheka upana wake. Milimita 44 siku hizi ni kawaida. Vijana wanavaa saa za 45 na 46 na hakuna anayegeuza shingo. Kilichomchekesha ni kimo. Deepsea ina takriban milimita 17.7 kutoka mfuniko wa nyuma hadi juu ya kioo. Submariner ya milimita 41, ndugu yake wa nyumba moja, ina 12 na ushei. Tofauti hiyo ukiisoma kwenye karatasi ni ndogo, lakini mkononi ndiyo inayoamua kila kitu, na watu wengi wanaoniletea saa kubwa wakitaka kuziuza huwa wamenunua kwa kusoma upana peke yake.

Unene huo haukuwekwa kwa urembo. Rolex walipoitoa Deepsea mwaka 2008 waliihakikishia mita 3,900. Baharini, kila unaposhuka mita 10 shinikizo linaongezeka kwa karibu angahewa moja, yaani shinikizo la hewa tuliyo nayo nchi kavu, kwa hiyo huko chini saa inabanwa na angahewa zipatazo 390. Kiwango cha kimataifa cha saa za kuzamia, ISO 6425, kinataka ijaribiwe kwa robo ya ziada juu ya kina kilichoandikwa, yaani hii inajaribiwa kwa shinikizo la mita 4,875. Ili istahimili, ilipewa kioo cha yakuti ya kutengenezwa chenye unene wa milimita 5.5, pete ya ndani ya chuma kilichochanganywa naitrojeni inayobeba mzigo wote, na mfuniko wa nyuma wa titaniamu uliotuna kidogo. Hakuna njia ya mkato hapo. Mwaka 2022, walipotaka saa ya kufika mita 11,000, ilibidi iwe na upana wa milimita 50 na unene wa 23.

Wewe unazamia kwa mitungi. Mpaka wa uzamiaji wa burudani ni mita 40, na ukuta wa matumbawe wa Pemba utakupa yote unayotaka kuona kabla hujafika huko. Hata mtu aliyeweka rekodi ya kushuka kwa mitungi, Mmisri Ahmed Gabr, mwaka 2014 alifika mita 332. Ubavuni mwa Deepsea kuna vali ndogo ya kutolea heliamu. Hiyo ni ya wazamiaji wa kazi, wanaoishi siku nyingi ndani ya vyumba vya shinikizo wakivuta hewa yenye heliamu. Gesi ile ni nyepesi mno, hupenya hadi ndani ya saa, na wakati wa kurudishwa katika shinikizo la kawaida isipopata pa kutokea inaweza kufyatua kioo. Anayeruka kutoka kwenye boti akarudi baada ya dakika 50 hana habari na vali hiyo.

Sikwambii usinunue usichokihitaji. Saa ya mishale kwa mzamiaji wa leo ni mapenzi, maana kompyuta ya kuzamia ndiyo inayokulinda. Nataka tu ujue kwamba ukiivaa ofisini utakuwa umebeba kinga ya mita 3,900 kwenda kusaini karatasi za makontena, na kinga hiyo ina uzito.

Sasa vipimo. Sentimita 16 na nusu za mzunguko hazitoshi kukupa jibu. Kuna mikono ya 16 na nusu iliyo bapa juu kama kibao, na kuna iliyo mviringo kama bomba. Chukua rula, ilaze juu ya mkono pale saa inapokaa, nyuma ya mfupa ule uliochomoza upande wa kidole kidogo. Tazama ngozi inaanzia wapi kuteremka huku na huku. Sehemu bapa iliyo katikati ndiyo kiwanja chako. Deepsea, kutoka ncha ya pembe za juu zinazoshika mkanda hadi ncha ya pembe za chini, ina karibu milimita 52. Kiwanja chako kikiwa 55, saa itakaa. Kikiwa 52, itagusa mipaka. Kikiwa 48 au 49, na kwa mkono wa 16 na nusu sitashangaa, pembe zitabaki zinaning'inia hewani. Mfuniko wa nyuma uliotuna unaongeza shida, kwa sababu saa inasimama juu ya tumbo lake badala ya kulala kwa pembe zake.

Uzito nao. Ikiwa na mkanda wake wote inapita gramu 200. Submariner ni karibu 160. Gramu zenyewe si tatizo, maana mtu huzoea uzito ndani ya wiki moja, na hapo wenzako wana haki. Ambalo halizoeleki ni uzito ulio juu tu. Kichwa kizito, yaani saa yenyewe bila mkanda, juu ya mkanda mwembamba ni ndoo kichwani bila kata: muda wote unaishika isianguke. Kila ukishusha mkono, kichwa kinazunguka kuelekea nje, unakirudisha, kinazunguka tena. Hapa muulize binamu yako swali moja kabla ya mengine: ni toleo gani? Ile ya kwanza, 116660, iliyouzwa kuanzia 2008, mkanda wake kwenye pembe una upana wa milimita 21, na malalamiko ya kichwa kuzidi mkanda yalikuwa mengi. Mwaka 2018 ikaja 126660: pembe na mbavu zikachongwa upya, mkanda ukapanuliwa hadi 22, kifungo kikalinganishwa nao, na mashine ya ndani ikawa 3235 inayodumu saa 70 baada ya kuivua, badala ya 48. Unene ni uleule, lakini inakaa vizuri zaidi. Kama iliyopo ni ya kwanza, kwa mkono wako nasema hapana bila kusita.

Dawa ya kichwa kizito ni kukaza mkanda, na watu wa pwani hapo huingiwa na hofu, kwa sababu joto la Mombasa saa nane mchana huuvimbisha mkono na chuma kikabana. Kwa saa hii hofu hiyo haipo. Kifungo chake kina reli ya ndani inayoongezwa au kupunguzwa kwa hatua za milimita 2, hadi 20 hivi, bila kifaa chochote. Asubuhi unakaza, mchana unalegeza hatua moja. Ni kifungo kizuri kuliko vyote ninavyovijua. Ubaya wake ni urefu. Kina pia kipande cha pili cha kukunjua kwa ajili ya suti nene za maji baridi, ambazo kwa maji ya Pemba huzihitaji, na vyote hivyo lazima vikae mahali. Kwa mkono mdogo, kifungo kinameza karibu upande wote wa chini, na ukiandika kwa kompyuta kinagonga meza. Fundi anaweza kusaidia kwa kuchagua pingili za mkanda za kutoa: upande wa saa sita zitoke zaidi au upande wa saa kumi na mbili, hadi kifungo kikae katikati. Hilo husaidia, lakini halifupishi kifungo.

Hukuniambia kama unaswali, ila wateja wangu wengi wanaswali na jambo hili hujitokeza baadaye, pesa zikishatoka. Saa iliyokazwa inavyopaswa haisogei kwa kidole wakati wa kutawadha, na maji lazima yafike kwenye ngozi. Utaivua hata mara tano kwa siku. Ukiwa nyumbani si neno. Msikitini, ukiiweka juu ya ukuta wa birika, hiyo ni gharama ya gari kuukuu imelala karibu na bomba.

Mavazi nitayapitia haraka. Mkono wa kanzu ni mpana, Deepsea itapita chini yake bila shida yoyote, na kwa kweli inapendeza. Shati la ofisi lenye kifungo mkononi halitapita juu ya milimita 17.7, litakwama, na utakwenda kwenye mikutano mkono mmoja umekunjika. Kuna wanaompa fundi cherehani mashati aongeze upana wa mkono wa kushoto. Nawaheshimu, lakini hao wameshaamua.

Usiamini picha ya simu. Lenzi iliyo karibu huikuza saa na kuudhoofisha mkono, kila saa inaonekana sinia. Usiamini pia macho yako ukitazama chini, kwa sababu kutoka juu unaona duara, huoni kimo. Mwambie mtu akupige picha kutoka hatua tatu, umesimama, mkono umeshuka, na nyingine ya ubavuni. Hivyo ndivyo dunia itakavyoiona.

Kabla hujatuma hata shilingi, fanya jaribio hili. Kata maboksi magumu vipande vya duara vya milimita 44, kimoja ukiachie masikio mawili mpaka urefu wa jumla ufike 52. Vigandishe hadi rundo liwe karibu milimita 18. Nenda duka la vifaa, nunua washa za chuma, zipachike katikati hadi mzigo wote uwe kama gramu 130, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito iko kwenye kichwa. Funga kwa mkanda wowote, uukaze vizuri. Kisha ishi nayo wikendi nzima: endesha gari, pita milangoni, mbebe mtoto, inama ufunge viatu. Watu watakucheka, na mke wako atakuwa wa kwanza. Hesabu ni mara ngapi unairudisha katikati na mara ngapi unagonga fremu ya mlango. Ikifika Jumapili jioni na hujaivua kwa kuudhika, mkono wako umekubali.

Maoni yangu, kwa ulichonieleza: mkono wa 16 na nusu, shati la ofisi siku tano, kuzamia mara chache kwa mwaka, mimi nisingekuuzia Deepsea. Mtu huyohuyo mwenye sehemu bapa ya milimita 54 na kazi ya nje ningemuuzia bila wasiwasi. Ukitaka ukubwa wa familia hiyo bila mnara, kuna Sea-Dweller ya milimita 43 iliyotoka 2017: mita 1,220, unene wa karibu 15, na milimita hizo mbili na nusu zilizopungua utazihisi. Na kama unachopenda ni kuzamia kuliko jina, Tudor Pelagos 39 ni ya titaniamu, haifiki milimita 12, inahimili mita 200, na titaniamu kwa ujazo uleule ina zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa chuma. Utaisahau mkononi. Wengine hawataki kuisahau, na hiyo nayo ni sababu halali ya kununua Deepsea. Ila iwe ndiyo sababu yako, usiite uzamiaji.

Ukishafanya jaribio na bado moyo uko Dubai, mwambie binamu yako alete majibu haya: namba ya toleo, pingili zilizotolewa zipo zote, kwani hata kama huzihitaji, atakayeinunua kwako atazihitaji, na saa ipimwe shinikizo mbele yake na fundi asiye wa muuzaji, kwa sababu mipira ya kuzibia huchakaa na maandishi ya mita 3,900 hayaizuii kuvuja. Hiyohiyo siku, kabla ya kipimo hicho, afunguliwe mfuniko wa nyuma aione mashine, maana Deepsea bandia ni nyingi na kwa nje zimetengenezwa vizuri. Muuzaji akikataa saa isifunguliwe, binamu yako arudi nyumbani.