Kabla hujanunua miche Dodoma, angalia chini kwanza

Jana mdogo wangu mmoja msomaji kanitumia meseji, ana shamba Chamwino anataka apande miti, anauliza aandae shilingi ngapi za miche. Nikamwambia shika kwanza hela yako. Mche wenyewe bei rahisi, kinachokula hela ni maji. Huku mvua inaanza Desemba, Aprili imekata, milimita 600 kwa mwaka ukibahatika, miezi yote inayobaki unanunua maji ya boza kumwagilia kitu ambacho mbuzi anamaliza asubuhi moja.

Shamba langu lina migunga na milama na hakuna hata mmoja niliopanda. Ni kisiki hai, njia ya kukuza miti kutoka kwenye visiki, ile wanayoifundisha shirika la LEAD Foundation kule Mpwapwa. Mti umekatwa lakini mizizi iko hai, kila mwaka inachipua na sisi kila mwaka tunafyeka. Unachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine unapogoa, unafunga kitambaa chekundu ili kibarua na mchungaji wajue huu una mwenyewe, halafu unalinda. Panga unalo, kitambaa ni kipande cha kanga iliyochakaa. Mizizi tayari iko chini inakunywa, humwagilii.

Majirani waliniita mvivu. Sisi tumezoea kuberega, yaani kufyeka na kuchoma kila kitu kabla ya kupanda, shamba likibaki na vichaka unaonekana umeshindwa kulima, na mzee mmoja aliniambia hivyo hivyo mbele za watu kwenye mkutano wa kijiji. Iliniuma na bado inaniuma, maana leo anatuma wajukuu waje kuomba kuni kwangu. Nawapa.

Na hapo ndio ushauri wangu mkubwa ulipo, usitunze mazingira kwa hasara ya mwenzako. Kondoa mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoliwa na makorongo. Majani yalirudi kweli, lakini gharama ilimwangukia mwenye ng'ombe. Sasa wewe jirani yako mwenye mbuzi mpe matawi uliyopogoa, muachie akate majani, atakulindia miti kuliko mgambo yeyote. Asipopata kitu usimlaumu akiingiza mifugo usiku, ukijani wa kwako peke yako haudumu ndugu zangu, tusidanganyane.

Ile hela ya miche lipa vibarua wachimbe makinga maji, yale ya kuzuia maji ya mvua yasikimbie shambani, kabla ya Desemba, na mabua usichome.