Breki zinasaga chuma na una safari: lini unaweza kusubiri, na lini gari isitoke hapo ilipo

Mkuu, pole na hiyo hali. Umeeleza vizuri: Toyota IST yako ilianza kwa filimbi nyembamba kila ukigusa breki, ikaendelea hivyo wiki kadhaa, na sasa imegeuka mkwaruzo wa chuma kwa chuma tairi ya mbele kushoto. Uko Iringa mjini, Ijumaa unataka kushuka Dar na familia. Fundi amechungulia kwenye matundu ya rimu akakwambia pedi bado ipo, nenda tu, utabadilishia Kariakoo ambako spea ni rahisi.

Usiende na gari hiyo ilivyo. Hata mizunguko ya mjini iache kwanza, maana kutoka hapo mjini mpaka Ipogolo tu tayari ni mteremko, achilia mbali mteremko mkali wa Kitonga. Nimeendesha gari za abiria barabara hiyo miaka mingi na breki nilikuwa nafungua mwenyewe, na kwa maelezo yako kuna mambo ambayo mtu anayechungulia kwenye rimu hawezi kuyaona.

Tuanze na filimbi. Pedi nyingi zina kibati kidogo kilichokunjwa pembeni, kimewekwa makusudi. Pedi mpya ya gari ndogo huwa na milimita kama 10 hadi 12 za nyama ya kusugua, ukiacha bamba la chuma la nyuma. Nyama ikibaki milimita 2 au 3, kibati kinaanza kugusa diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi, na kutoa mlio ule mkali. Kimewekwa ili kikupigie kelele mapema, wakati breki bado inashika vizuri. Mtu akiniambia gari inapiga filimbi tu, pedeli iko juu kama kawaida na haivuti upande, namwambia tafuta pedi wiki hii, punguza mwendo, wala usihangaike usiku kucha.

Filimbi ikinyamaza na mkwaruzo ukaja, hiyo ni habari nyingine kabisa. Maana yake nyama imekwisha na bamba la nyuma ndilo linalokula diski. Hapo gari bado inasimama, na ndiyo maana watu wanadanganyika. Lakini chuma kwa chuma hakishiki kama pedi, kinatoa joto jingi, na pistoni ya kalipa (kalipa ndicho kifaa kinachobana pedi kwenye diski, pistoni ndiyo inayozisukuma) imebidi isogee nje kuliko kawaida kufidia unene uliopotea. Ukiendelea inaweza kuanza kuvuja. Kila kilomita unayoongeza inaiharibu diski pia, kwa hiyo ile pesa unayotaka kuokoa kwa kusubiri Kariakoo utailipa kwenye diski mpya.

Sasa kuhusu fundi wako. Sisemi amekudanganya. Pedi aliyoiona ipo kweli, lakini ni ya nje. Kila kalipa ina pedi mbili, ya nje na ya ndani, na kwenye gari kama yako kalipa inateleza juu ya pini mbili. Pini zikikauka grisi au kushika kutu, kalipa haitelezi tena, pistoni inasukuma pedi ya ndani peke yake, na hiyo ndiyo inaisha. Niliwahi kufungua Noah ya jamaa mmoja aliyekuja akilalamika mkwaruzo kama wako. Kwa nje pedi ilikuwa na karibu nusu ya nyama yake, safi kabisa. Tulipotoa kalipa, pedi ya ndani ilikuwa bamba tupu limeng'aa kama kioo, kingo zimegeuka bluu kwa joto, na uso wa ndani wa diski una mifereji ambayo kucha inakwama ukiipitisha. Uso wa nje wa diski hiyohiyo ulikuwa laini. Pini ya chini ilitoka kwa nyundo. Kwa hiyo mwambie fundi avue tairi, atoe kalipa, na akuonyeshe pedi zote nne za mbele mkononi. Asiyetaka kuvua tairi, tafuta mwingine.

Jambo ambalo linanipa wasiwasi zaidi kwenye safari yako ni Kitonga yenyewe. Ukitoka Dar unaipanda, injini ndiyo inayoteseka. Ukitoka Iringa unaishuka mpaka karibu na Ruaha Mbuyuni, kona juu ya kona, na malori mbele yako yanatambaa, huwezi kuacha gari ikimbie. Uzito wote wa gari, watu na mizigo unageuka joto, na sehemu kubwa inaishia kwenye diski zako mbili za mbele. Joto hilo linapita kwenye pedi na pistoni mpaka kwenye mafuta ya breki. Ikiwa nyama ya pedi haipo, hakuna kitu cha kulizuia njiani.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu hewani, kidogo kidogo, hata kama kifuniko kimefungwa. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo unakanyaga pedeli inakwenda mpaka sakafuni na gari haisimami. Ukipaki nusu saa yakapoa, breki zinarudi kana kwamba hakuna kilichotokea, na mtu anaendelea na safari akidhani ni mambo ya kawaida. Gereji zetu nyingi mafuta ya breki yanaongezwa tu, hayabadilishwi. Uliza yako yalibadilishwa lini. Yakizidi miaka miwili, au yakiwa na rangi ya kahawia kama chai ya rangi, yatolewe yote.

Hapa ndipo nataka unielewe vizuri, na wengine wanaosoma pia: kelele mara nyingi inakupa muda, pedeli haikupi. Watu wengi wanaogopa mlio na kupuuza mguu, wakati mguu ndio unaotoa taarifa za hatari kubwa kuliko zote.

Pedeli ikiwa inashuka chini kuliko jana, au inabidi upampu mara mbili ndipo ishike, gari isitoke. Kuna upepo kwenye mfumo, au mafuta yanavuja, au mipira ya masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, imechoka. Pedeli inayoshika ukikanyaga kisha inazama polepole ukiwa umesimama kwenye taa, hiyo mara nyingi ni masta silinda inayovuja kwa ndani. Hutaona tone hata moja chini ya gari, na chombo cha mafuta kitabaki kimejaa, lakini siku ya dharura mguu utafika sakafuni. Pedeli ikiwa ngumu kama jiwe na gari haisimami, shaka busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, au mpira wake wa upepo. Jaribio lake ni jepesi: zima injini, pampu breki mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu, acha mguu juu yake kisha washa. Pedeli inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, busta haifanyi kazi.

Kama unakanyaga na usukani unavutwa upande mmoja, upande mwingine haushiki, au huo unaovuta umekwama. Baada ya mwendo mfupi zunguka gari, usiguse rimu, sogeza tu kiganja karibu na kila tairi. Moja likiwa na joto kuliko wenzake, na harufu kali ya kitu kilichoungua, kalipa imeganda. Moshi ukitoka, simama kabisa na usimwagie maji, diski ya moto ikipigwa na maji ya baridi inaweza kupasuka.

Kutetemeka kwa usukani au pedeli ukifunga breki mwendoni ni diski isiyo na unene sawa. Inaudhi, inahitaji kushughulikiwa, lakini peke yake haikulazimishi kuacha gari barabarani. Na yapo ambayo si ugonjwa: mkwaruzo mwepesi asubuhi baada ya mvua ni kutu ya juu ya diski, unakwisha baada ya kukanyaga mara chache. Pedeli kutetemeka kwa haraka ukifunga breki ghafla kwenye utelezi ni ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge, inafanya kazi, usiachie mguu.

Fungua boneti pia, angalia chombo cha mafuta ya breki. Pedi zinapoisha mafuta hushuka taratibu, hiyo ni kawaida. Lakini yakishuka chini ya MIN, ukaongeza, yakashuka tena ndani ya siku chache, kuna mahali yanatoka. Pita kila tairi kwa ndani, hasa ya nyuma ambako IST nyingi zina drami badala ya diski. Ukikuta unyevu wenye mafuta kwenye ukuta wa ndani wa tairi, silinda ya nyuma inavuja na breki shuu, zinazofanya kazi ya pedi ndani ya drami, zimeshalowa. Breki shuu iliyolowa haisafishwi kwa petroli ikarudishwa, inatupwa.

Kuna matengenezo ya njiani ambayo naomba uyakatae kwa nguvu zote. La kwanza ni kubana mpira wa breki wa tairi inayovuja, kwa plaizi au kwa waya, ili utembee na tatu. Gari itavuta upande kila ukikanyaga, na kwenye kona ya Kitonga huo upande unaweza kuwa ni korongo au lori linalopanda. La pili ni kuongeza oili ya injini au ya gia kwenye chombo cha breki eti mafuta yamekosekana. Oili inavimbisha mipira yote, kuanzia masta mpaka kalipa, na utabadilisha mfumo mzima. La tatu ni kuweka pedi mpya upande mmoja tu. Pedi zinabadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia ya mbele pamoja.

Wewe fanya hivi. Gari ibaki nyumbani, fundi apande bodaboda aje na vifaa vyake. Kazi ya pedi za mbele haihitaji gereji, inahitaji jeki, sehemu tambarare na mawe ya kuzuia tairi. Pini za kalipa zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi ya breki inayostahimili joto, si hii ya bearingi. Diski ipimwe unene. Ukisugua kutu kwenye ukingo wake au upande wa ndani utakuta maandishi MIN TH na namba, hicho ndicho kipimo cha mwisho kwa milimita. Kama ina mifereji lakini bado ni nene, inaweza kukerezwa kwenye mashine. Kama kukereza kutaishusha chini ya namba hiyo, nunua mpya. Kwa mkwaruzo ulioueleza, jiandae kisaikolojia na kifedha kwamba huenda diski zikahitajika. Kisha mafuta yatolewe yote, yawekwe mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko chenyewe, na upepo utolewe tairi zote nne. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, lifutwe kwa kitambaa kilicholowa.

Kabla gari haijasogea hata mita moja, pampu pedeli mpaka iwe juu na ngumu. Pistoni zimerudishwa ndani, kwa hiyo mikanyago ya kwanza haina kitu, na wapo waliogonga geti lao wenyewe kwa kusahau hilo. Kisha tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu, kimbia 50 hivi, punguza taratibu mpaka 15 bila kusimama kabisa, achia, rudia mara kama kumi ukiacha muda wa kupoa. Pedi na diski zinahitaji kuzoeana. Ukimaliza kazi Alhamisi jioni, afadhali usogeze safari mpaka Jumapili, uizungushe mjini siku mbili na uangalie kama chombo cha mafuta kimebaki palepale.

Siku ya kushuka, toa lever ya gia kwenye D kabla ya mteremko, siyo katikati yake. Weka 2, pakiwa pamekaza zaidi weka L, injini ishike gari na breki uzitumie kwa vipindi: kanyaga kwa uhakika, punguza, achia zipoe. Usiburuze mguu juu ya pedeli kuanzia juu mpaka chini. Na Mungu aepushe, pedeli ikizama ukiwa njiani, pampu haraka, shusha gia, vuta breki ya mkono kidogo kidogo huku kitufe umekibonyeza, na usizime injini, ukizima unapoteza busta na usukani unakuwa mzito.

Akishafungua, tuwekee hapa picha ya pedi ya ndani ya kushoto na namba iliyo kwenye diski, tukuambie kama diski inafaa kukerezwa au la kabla hujatoa pesa.