Mawe ya urani: yatambue kabla hujayatia mkobani

Kila nikifungua sanduku langu la mawe, mtu huuliza kama yanang'aa gizani. Hayang'ai. Uraniniti, madini makuu ya urani (metali yenye mionzi), ni jiwe jeusi lisilovutia, na hata ukilimulika kwa taa ya urujuanimno (UV) halibadiliki. Autuniti, madini mengine ya urani, huwaka kijani chini ya taa hiyo, lakini torberniti, nayo ya urani na iliyo kijani tayari, mara nyingi haionyeshi kitu. Anayetegemea taa peke yake atapita mengi.

Mimi huanza na majirani wa jiwe, yaani madini yanayolizunguka. Milima ya Uluguru, Morogoro, ina machimbo ya zamani ya ulanga (mika) kwenye pegmatiti, miamba yenye punje kubwakubwa za kwatzi na feldispa, madini ya kawaida ya miamba. Huko Lukwengule ndiko yalikotoka madini ya njano ambayo mkemia Mjerumani Willy Marckwald aliyaeleza mwaka 1906, akayaita rutherfordini kwa heshima ya mwanafizikia Ernest Rutherford. Hiyo ni uraniniti iliyogeuzwa na hewa na maji. Basi kwenye pegmatiti tazama kama kwatzi imepata rangi ya moshi, feldispa imekuwa nyekundu, na nyufa zimetawanyika kuzunguka punje nyeusi. Ni kazi ya mionzi ya mamilioni ya miaka. Kisha pima uzito kwa mkono uliovaa glavu: kipande kidogo cha uraniniti hulemea kuliko macho yanavyotarajia.

Ukiwa na kipimo cha Geiger, kifaa cha kupimia mionzi, soma kwanza mionzi ya kawaida ya mahali hapo, ndipo usogelee jiwe. Kipimo cha bei nafuu hakitakuambia kama ni urani au thori, metali nyingine yenye mionzi, kwa hiyo usikimbilie kutoa jina.

Kinachonitia hofu zaidi ni vumbi. Chembe za alfa, aina mojawapo ya mionzi ya urani, huzuiwa na karatasi tu, lakini zikitoka kwenye vumbi ulilovuta au kumeza zinaunguza ndani kwa ndani. Wajiolojia wana mazoea ya kulamba jiwe ili rangi itokee; hapa tumia maji ya chupa. Usivunje wala kukata jiwe nyumbani, usile ukiwa kazini, nawa mikono. Usilitie mfukoni: ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inayokufikia kutoka kwenye kipande kidogo hupungua hadi robo hivi.

Nyumbani kuna radoni, gesi isiyo na harufu inayotoka kwenye urani na kuharibu mapafu. Mawe haya hayakai chumba cha kulala. Yaweke stoo yenye hewa, mbali na watoto.

Na kibali? Tanzania huwezi kuchukua madini bila leseni, na ya mionzi yanasimamiwa pia na Tume ya Nguvu za Atomiki. Waulize kabla ya safari. Bila kibali, piga picha uache jiwe lilipo.

Ulichoruhusiwa kuweka, kiandikie jina, mahali kilikotoka na neno MIONZI kwa herufi kubwa, ili siku haupo, anayesafisha stoo asikifanye jiwe la kuzuia mlango.