Oditwari imejaa lakini wanafunzi wako kimya, nifanye nini?

SWALI: Jambo mwalimu. Niko asistanti hapa Goma, nafundisha mekanika promosheni ya kwanza (mwaka wa kwanza wa chuo), wanafunzi wanapita mia tatu mu oditwari moja, projekta hatuna, mikro leo iko kesho haiko. Nikiuliza mmeelewa wote wanajibu ndiyo, kisha interro (jaribio la darasani) inaanguka vibaya. Nitawafanya namna gani washiriki?

JIBU: Dada yangu, hiyo "mmeelewa" iache kabisa, nani atasema hapana mbele ya watu mia tatu? Wape swali la fizikia lenyewe, lenye majibu ya kuchagua. Mfano mtu anasukuma chukudu (kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili) yenye magunia ya viazi kwenye barabara tambarare, mwendo haubadiliki: nguvu yake ni (1) kubwa kuliko msuguano, (2) sawa nao, ao (3) ndogo? Dakika moja kila mtu afikiri peke yake, kimya, kisha uhesabu mpaka tatu wote waonyeshe vidole pamoja, mkono kifuani ili wa nyuma asikopie. Wengi watachagua 1, hata wale wanaokuandikia sheria za Newton bila kosa, na hapo ndo somo linaanza. Usitoe jibu! Kila mtu atafute jirani mwenye jibu tofauti, wabishane dakika mbili tatu, kelele itakuwa nyingi sana we iache tu, halafu wachague tena, ndo unaeleza kwa nini ni 2.

Njia hii Eric Mazur, mwalimu wa fizikia, aliianza chuo kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1991. Kubishana kunafaa zaidi kama waliopata jibu mara ya kwanza ni kati ya 30% na 70% hivi. Wakiwa chini ya hapo rudi ueleze upya, wakizidi endelea mbele.

Na inasaidia kweli. Mwaka 1998 Richard Hake wa Marekani alilinganisha kozi 62, wanafunzi 6,542: kwenye kozi za kusikiliza tu walipata kama 23% ya yale ambayo hawakuyajua mwanzoni, kwenye zile za kushiriki 48%.

Lakini jitayarishe, watalalamika kwamba hufundishi. Utafiti wa Harvard wa 2019 ulionyesha wanaoshiriki wanajifunza zaidi ila wao wenyewe wanahisi wamejifunza kidogo, kwa hiyo waambie mapema, muite chefu wa promosheni (kiongozi wa wanafunzi) umueleze naye. Vidole usivipe pointi, wataanza kuiga wenye akili. Ila kwenye interro weka swali moja la aina hiyohiyo, la sivyo wataona ni mchezo.